Kasi ya ndege za kivita kwenye gemu ya ramani: tushike njia ipi?

Mwewe_wa_Milimani (Kisumu)
Wadau, kikundi chetu kinaandika kanuni za gemu ya mkakati ya Vita vya Pili vya Dunia, ya kuchezwa kwa zamu, na tumekwama kwenye kasi. Njia ya kwanza: kila ndege isafiri kwa kasi yake ya juu kabisa. Mustang P-51D ya Wamarekani kilomita 703 kwa saa, Zero A6M2 ya Wajapani kama 530. Ya pili: itumike kasi ya safari, yaani mwendo wa kawaida wa kwenda mbali bila kuichosha injini, ambayo kwa Zero ni kama 330. Ya tatu: tusiandike kasi, tugawe mafuta, mchezaji aamue atakavyoyachoma. Naegemea ya pili. Mnasemaje?

Binti_Menengai (Nakuru)
Ya kwanza itupeni kabisa. Kasi ya juu ni ya dakika chache za mapigano. Rubani akiishikilia safari nzima, injini inaumia na tangi linakauka. Chukua mwaka 1940, Wajerumani walipoishambulia Uingereza kutoka Ufaransa. Kutoka Calais hadi London ni kama kilomita 150, karibu sawa na Nakuru hadi Kisumu kwa njia ya anga. Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, ilibeba lita 400 tu za petroli. Ilifika London, lakini ikibaki na dakika chache za kupigana kabla ya kugeuza. Gemu inayoruhusu Bf 109 izurure juu ya London saa nzima imefuta sababu mojawapo kubwa ya Wajerumani kushindwa kule.

Fundi_Kakamega
Naunga mkono, na msisahau mwinuko. Hiyo 703 ya Mustang ilipatikana kwenye mita kama 7,600. Huko juu hewa ni nyepesi, chini ya nusu ya ile ya usawa wa bahari. Kipima kasi kikionyesha kilomita 300 kwa saa, ndege yenyewe inakata karibu 440. Kwa hiyo hata hiyo kasi ya safari, ulizeni kwanza imepimwa kwenye mwinuko gani.

Mzee_wa_Ramani (Eldoret)
Vijana, mnazungumza kana kwamba ndege inasafiri peke yake. Anayesindikiza hufuata mwendo wa anayesindikizwa. B-17, ndege za Wamarekani za kudondosha mabomu, zikiwa na mzigo zilikwenda kama kilomita 290 kwa saa, na Mustang juu yake zilikata kona huku na huku ili zisizipite. Ndiyo maana Wamarekani walipokezana: kundi moja lilisindikiza kipande cha njia, likarudi, jingine likawakuta walipuaji mbele. Mkiweka kasi moja kwa kila ndege, upokezanaji huo, ambao kwangu ndio utamu wa gemu nzima, hautakuwa na maana.

Binti_Menengai (Nakuru)
Mzee umesema kweli. Na hapo ndipo njia ya tatu inaponivuta. Mwaka 1944 rubani mashuhuri wa Kimarekani, Charles Lindbergh, aliwaonyesha marubani wa P-38, ndege ya kivita ya Wamarekani, kule Pasifiki wapunguze mizunguko ya injini, waongeze shinikizo la hewa inayoingia, na wapunguze petroli kwenye mchanganyiko. Ndege ile ile, tangi lile lile, ikafika mbali zaidi. Jedwali lenye kasi moja haliwezi kuonyesha hilo.

Mwewe_wa_Milimani (Kisumu)
Dada, nakubali, ila mchezaji mwenye vikosi arobaini hatahesabu lita za kila kimoja. Zamu moja itakula jioni nzima. Vipi tukichanganya? Kwenye ramani, kasi ya safari ya aliye polepole zaidi katika kundi. Wakikutana na adui, kasi ya juu, na kila dakika ya mapigano ikate umbali wa kurudi nyumbani.

Fundi_Kakamega
Hiyo inafaa kwa mshambuliaji. Anayelinda mpeni kanuni yake: kwake hesabu ni kupanda, wala si kusafiri. Spitfire Mk I ya Waingereza ilihitaji dakika saba au zaidi kufika mita 6,000, kutegemea propela. Rada ikichelewa kumwonya, kasi yake yote haitamsaidia.

Mwewe_wa_Milimani (Kisumu)
Imeingia kwenye kanuni. Tutaijaribu kwanza kutoka Rabaul, kambi ya Wajapani, hadi kisiwa cha Guadalcanal kule Pasifiki, Agosti 1942, zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Kwa 530, Zero inafika kwa saa mbili hivi; kwa 330, inapita saa tatu. Saburo Sakai, rubani wa Zero, alirudi njia hiyo akiwa amejeruhiwa kichwani, akaruka zaidi ya saa nne. Zero zetu zikifika Guadalcanal kabla ya saa tatu kwisha, nitajua jedwali bado lina kasoro.

Mzee_wa_Ramani (Eldoret)
Ukimaliza jaribio, weka jedwali hapa. Nataka kuona P-47, ile ndege nyingine ya kivita ya Wamarekani, mmeipa umbali gani bila tangi la ziada.