Yule "mwalimu" wetu wa sheria za kikoloni leo kavuka mpaka!

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo mbele ya watu wote kasema odinansi (sheria iliyotungwa kolonini) ya Koloni la Kenya ikigongana na sheria ya Uingereza "inakufa yote". Aliyeuliza kifungu kaambiwa arudi shule!

Inakufa yote? Sheria ya Uhalali wa Sheria za Makoloni ya 1865, kifungu cha 2: batili ni kile kipande kinachogongana, kilichobaki kinasimama. Tena lazima kigongane na sheria ya Bunge la London inayofika koloni hilo, kwa maneno ya wazi au kwa maana isiyokwepeka. Kupingana na kanuni zilizotokana na hukumu za mahakama za Kiingereza tu hakubatilishi kitu, kifungu cha 3. Gavana akikaidi maelekezo ya Mfalme? Kifungu cha 4: sheria iko hai, isipokuwa kama sharti limo ndani ya hati iliyompa mamlaka ya kuridhia sheria.

Yote! Kwa hesabu yake, LEGCO (Baraza la Kutunga Sheria) tangu 1907 isingebakiwa hata na sheria ya kufunga mbwa.

Kibatari: Mkuu punguza presha, unalia kama umeporwa shamba. Ila jaji Boothby wa South Australia alibatilisha sheria kwa mtindo huohuo mpaka Bunge la London likatunga hiyo ya 1865. Akang'olewa 1867.

MzeeWaFaili: Mtoa uzi naye karuka kura ya turufu ya Mfalme. Gavana akishasaini, London bado iliweza kuikataa odinansi, hata kama haigongani na chochote. Hilo mbona hulilii?

Mtoa uzi: Sijaliruka, nazungumzia "inakufa yote"!

Binti Kilwa: Kinachoniudhi mimi ni nyie mnaoiburuza Tanganyika kwenye hiyo 1865. Haikuwa koloni, ilikuwa chini ya udhamini wa Ushirika wa Mataifa (League of Nations). Mipaka yake tafuteni kwenye Amri ya Mfalme ya Tanganyika (Order in Council) ya 1920: Gavana aheshimu mila za wenyeji, isipokuwa zinazopinga haki au maadili. Kisha ibara ya 6 ya hati ya udhamini: ardhi ya mwenyeji haiendi kwa mgeni bila idhini ya serikali kwanza.

Kibatari: Na maili 10 za pwani ya Kenya? Zilikuwa za Sultani wa Zanzibar, nazo hazikuwa koloni.

MzeeWaFaili: Ya Mwambao, hiyo pwani, fungua uzi wako.

Kibatari: Nafungua sasa hivi. Binti Kilwa, njoo na hiyo Amri.