Julai nakuja Dar na kijana: tukaone vyuo vipi kabla hajaomba?

Mama wa Minneapolis

Wanajumuiya, habari za huko mliko. Wakubwa zangu shikamooni.

Kijana wangu yuko darasa la 11 hapa Marekani, mwakani anamaliza. Tulipokuja nyumbani kumzika babu yake alisema anataka kusoma chuo Dar. Baba yake akacheka, mimi nikanyamaza, nikijua yatapita kama alivyowahi kutaka kuwa rubani. Imefika miezi kumi sasa na hajabadili neno. Anasita tu kati ya kompyuta na usanifu majengo.

Vyuo vya huku tumeshavizunguka. Unajiandikisha kwenye tovuti, mnapewa mwanafunzi anayetembea kinyumenyume mbele yenu akiwaonyesha maktaba, bweni na kantini, saa moja na nusu mnapewa kalamu yenye nembo mnakwenda zenu. Kwa Dar sijui hata pa kuanzia. Tunakuja wiki tatu, kuanzia katikati ya Julai, tunafikia kwa shangazi yake Sinza. Nimeandika orodha ya vyuo 11. Shangazi yake kaisoma, akaniuliza kama nakuja na basi la shule. Naombeni mnisaidie kuipunguza.

Mzee wa Makongo

Marahaba binti yangu, na pole tena kwa msiba.

Nina watoto wawili waliopita vyuo vya hapa mjini, mmoja nilimchagulia mimi, mwingine akachagua mwenyewe baada ya kwenda kuona. Huyo wa kwanza mpaka leo ananikumbusha. Kwa hiyo nakuunga mkono, mtoto akaone. Ila vyuo 11 ni vingi mno, na sisemi hivyo kwa ajili ya foleni ya Ubungo peke yake.

Kabla hujakata tiketi, pelekeni vyeti vyake NECTA, Baraza la Mitihani, kuomba ulinganifu. Mtoto aliyesoma nje hahesabiwi kwa cheti chake kama kilivyo, lazima kilinganishwe na cha hapa, ndipo ujue anaangukia kwenye sifa zipi. Kwa kuwa hajamaliza, anza kwa kuuliza wanataka nini, usikae ukasubiri. Kisha chukua mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ule unaotaja kila kozi na sifa za kuingilia. Tangu 2017 waombaji hawapitii tena mfumo mmoja wa TCU, kila mtu anaomba moja kwa moja chuoni, kwa hiyo ni wewe wa kuhakikisha kozi ina ithibati na kijana anaiweza. Hapo tu, orodha yako itapungua kwa nusu bila kupanda bajaji.

La pili ndilo linalowaponza wengi wanaotoka nje. Usitembelee jina la chuo, tembelea jengo atakalosomea. Nakupa mfano wa nyumbani kwangu. Mdogo wangu anaishi Uingereza, alikuja na binti yake anayetaka kompyuta. Nikawachukua mimi mwenyewe hadi Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), nikajidai mwenyeji. Tukapiga picha Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa kwenye noti ya 500, tukaingia maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, tukala kantini, binti kafurahi na kilima na miti. Jioni tunatoka, mlinzi wa getini kauliza tumeona nini. Tukamwambia binti anataka kompyuta. Akatutazama hivi, akasema, "Mzee, kompyuta iko Kijitonyama." Na kweli, Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haiko kilimani, iko Kijitonyama. Siku nzima tumezunguka mahali ambapo mtoto asingesoma. Ualimu wa Chang'ombe nao ni hivyo hivyo, jina ni la UDSM lakini mahali ni kwingine kabisa.

La tatu, Julai. Hapo ndipo naona kasoro ya safari yako. Likizo yenu ndefu inaangukia pabaya kwetu: kuelekea mwisho wa Julai wanafunzi ama wako kwenye mitihani, ama wameshatawanyika kwenda PT, mafunzo kwa vitendo. Utaona majengo, utaona bustani imefyekwa, watu huwaoni. Chuo bila wanafunzi ni kama soko la Kariakoo siku ya Idi.

Lakini Julai ina faida moja. Kwa miaka ya karibuni TCU wamekuwa wakifanya Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia mwezi huo huo viwanja vya Mnazi Mmoja. Vyuo vya nchi nzima viko chini ya mahema, unahama meza hadi meza. Anza hapo. Mnywe maji mengi, jua la pale si mchezo. Kutoka hapo hadi DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, pale Bibi Titi na barabara ya Morogoro, ni mwendo wa miguu. Na ukipita mtaa wa Lumumba mwonyeshe kijana kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia hapo 1961, kwenye jengo la TANU, kabla hakijapanda Mlimani.

Kwa anayoyataka yeye, mimi ningebaki na vitatu tu: Kijitonyama, DIT, na Chuo Kikuu Ardhi kwa usanifu majengo. Mlimani mpite kwa sababu mnapita jirani, kwa picha.

Kaka wa Houston

Mzee kamaliza, naongeza la pasi.

Dada, kijana anasafiria pasi gani? Sheria yetu haina uraia pacha kwa mtu mzima. Akifikisha miaka 18 akiwa bado na uraia wa Marekani bila kuukana, uraia wa Tanzania unamtoka. Hapo chuo kitamhesabu mgeni: ada ya wageni, kibali cha ukaazi daraja C, na mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, asahau. Bado inaweza kuwa nafuu kuliko mnayotozwa huko Minnesota, lakini swali la kwanza kwenye kila meza pale Mnazi Mmoja liwe hilo: ada ya mgeni ni kiasi gani, na je, mgeni anapewa chumba hosteli? Mimi sikuuliza, nikaja kujua mtoto ameshapata barua.

Pia UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, msiifute kwa sababu iko mbali. Treni ya SGR inafika huko tangu 2024. Ila pale mpange usafiri wa ndani, ndaki zimetawanyika juu ya vilima.

Dada wa Upanga

Hujauliza udaktari, ila wapo watakaosoma hapa baadaye. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ina Upanga, ubavuni mwa hospitali ya Muhimbili, na ina Mloganzila, huko njia ya Morogoro ukishapita Mbezi na Kibamba. Mtoto aone zote mbili. Na aende saa 12 asubuhi, ndipo ataelewa maana ya umbali.

Mwanafunzi, Kijitonyama

Shikamooni wazazi wangu. Baba yangu ndiye mwanachama humu, kaniambia niandike.

Mama, akija kijana asimuulize kiongozi, atuulize sisi. Ofisini watakuonyesha maabara. Sisi tutakwambia maabara inafunguliwa saa ngapi na mnakaa wangapi kwenye mashine moja. Hayo mawili hayafanani.

Malazi ndiyo usiyaache. Hosteli za Magufuli pale Mlimani zilifunguliwa 2017, majengo 20, zinachukua wanafunzi 3,840. Ukisikia hivyo unaona ni nyingi, lakini chuo ni kikubwa kuliko hizo namba. Ukikosa chumba unapanga geto Sinza, Survey, Changanyikeni, au mnabebana. Kubebana ni hivi: rafiki yako kapata kitanda, wewe hujapata, mnalala wawili kwenye futi tatu. Mimi nilibebwa semesta nzima. Aliyenibeba anakoroma, na hadi leo ni rafiki yangu. Anayekaa Mlimani au Mabibo huku anasoma Kijitonyama, kila asubuhi ana safari, na saa moja ile daladala zimejaa hadi kondakta mwenyewe ananing'inia.

Kingine akae kwenye vimbwete. Ni zile meza na viti vya zege chini ya miti, ndipo watu wanaposoma kweli, maktaba ni siku za mitihani. Akae hapo nusu saa asijitambulishe. Atasikia nani ana sapu (mtihani wa marudio), nani kadisko (kafukuzwa kwa kufeli), lekcha gani haeleweki, bumu (pesa ya mkopo) limechelewa siku ngapi. Hakuna kipeperushi kitakachomwambia hayo.

Ila mzee kasema kweli, Julai vimbwete vitakuwa na majani makavu tu.

Baba wa Mbagala, sasa yuko Leicester

Samahanini, mimi naona tunadekeza. Sisi tulipangiwa chuo, tukabeba godoro na ndoo tukaenda. Nani alitembelea?

Mzee wa Makongo

Ndugu yangu wa Leicester, ni kweli. Wewe na mimi tulikwenda tulikopelekwa kwa kuwa hapakuwa na pa kuchagua, na serikali ndiyo iliyolipa. Huyu mama analipa mfukoni mwake. Hata mwanamke wa Kariakoo hanunui khanga bila kuikunjua.

Mama wa Minneapolis (tarehe 9 Agosti)

Wapendwa, tumerudi. Ripoti ya safari hii hapa.

Mnazi Mmoja tulikwenda siku mbili. Kaka wa Houston, swali lako la ada ya mgeni liliwatoa jasho wengi. Meza nne walinijibu papo hapo na karatasi wakanipa. Wengine waliniambia "tutakupigia mama", nami bado nasubiri simu. Kuna chuo kimoja, jina naliacha, kipeperushi chake kina maabara yenye kompyuta zimepangwa kama askari wa gwaride. Tulipokwenda, mlango una kufuli, na mwenye ufunguo, tukaambiwa, yuko likizo. Kijana alichungulia dirishani. Akasema, "Mama, zile skrini bado zina nailoni." Tukakitoa kwenye orodha pale pale kibarazani.

Kijitonyama tulipokelewa vizuri, ila palikuwa kimya. DIT ndiyo iliyonishangaza. Mimi niliiweka mwishoni kwa kuwa jina halina "chuo kikuu". Karakana ilikuwa wazi, kuna vijana wawili walikuwa wamefungua mashine ya kukata vyuma wanaitengeneza, mafuta hadi kwenye viwiko. Wakamwita mwanangu, "Bro, shika hii tochi." Akashika tochi dakika 40. Mimi nikakaa kwenye ngazi na mkoba wangu. Aliporudi shati lilikuwa halifai, na alikuwa anaongea Kiswahili ambacho mimi sijamfundisha.

Ardhi tulikwenda Jumanne. Hakuna mtu. Mlinzi ni mama mtu mzima, tukamsalimia, tukamweleza, akatuzungusha yeye mwenyewe hadi studio ya usanifu. Ndani kuna meza ndefu, vumbi, na kwenye kona kuna nyumba ndogo ya maboksi mtu kaiacha: ngazi zimekatwa kwa wembe moja moja, paa limetengenezwa kwa vijiti vya mishikaki, na kisima uani. Kijana aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Pembeni mtu kaandika kwa kalamu ya risasi, "Usiguse, marudio Septemba." Tukacheka mno. Yule mama mlinzi akasema mwenye nyumba ile alilala humo siku tatu anaijenga, na yeye ndiye aliyekuwa akimletea chai.

Mlimani tulipita kwa picha, kama mzee alivyosema. Ngedere kamnyang'anya shangazi yake kitumbua.

Basi vyuo 11 vimebaki viwili, DIT na Ardhi, na Kijitonyama tumeiwekea alama ya kuuliza hadi ionekane ikiwa na watu. NECTA tumeanza. La pasi tunalo mezani, baba yake sasa hacheki tena, anasoma sheria ya uraia usiku. Tumekubaliana Novemba, ile wiki ya sikukuu ya shukrani huku shule zinapofungwa, kijana arudi peke yake akaone wanafunzi. Nitamwongezea siku chache za ruhusa, maana safari yenyewe inakula siku mbili kwenda na mbili kurudi. Mwanangu wa Kijitonyama, kama bado upo, naomba umwonyeshe hivyo vimbwete, na nauli ya daladala nitamwachia.

Shangazi yake keshajibu kuwa chumba kipo. Alichouliza ni kimoja tu: je, dagaa ameshaanza kula, au atamkaangia mayai tena wiki nzima?