Mazabodi ya laptopu ina shoti kwenye laini ya volti 19: nianzie wapi?

kiti_cha_fundi
Wakuu, naomba msaada. Nina mazabodi ya laptopu inayotumia chaja ya volti 19.5, imekufa kabisa. Nikichomeka chaja, taa yake haizimiki. Mosifeti (swichi ya kielektroniki) ya kwanza ya kuingizia umeme inapata 19.5, lakini baada ya ile ya pili hakuna kitu. Nimetoa betri, betri ya saa, ramu na diski, nikapima omu kwenda graundi: risista ya R010 (ya omu 0.01, iliyo kwenye laini kuu ya volti 19) inasoma 0.6 pande zote mbili. Koili za volti 3.3 na 5 zinasoma mamia ya omu, ya CPU (prosesa) omu 4. Pawa saplai ninayo, volti 30 ampia 5. Nikiingiza umeme kwenye laini hiyo nitaipata kapasita mbovu, au nitaua CPU?

omu_sifuri
Mkuu, kwanza gusanisha ncha za multimita. Waya zake zenyewe mara nyingi zinasoma 0.2 hadi 0.4, na hiyo lazima uitoe. Tuseme shoti halisi ni 0.3.

Hofu yako ina msingi. Mosifeti ya juu ya CPU (iliyo upande wa laini kuu) ikiungua na kuungana, umeme wa laini kuu unapitiliza kwenye koili hadi kwenye CPU, nayo inaishi kwa volti 1 hivi. Lakini vipimo vyako vimeshajibu: pointi mbili zilizounganishwa na shoti husoma sawa. Laini kuu 0.3, koili ya CPU 4, basi hazijaungana. Hujataja koili ya ramu wala ya GPU (chipu ya picha). Zipime kabla hujawasha chochote. Inayosoma sawasawa na laini kuu, ng'oa kwanza mosifeti yake ya juu. GPU isikutishe, nyingi husoma chini ya omu 1 zikiwa nzima. Wala usitegemee mlio wa mita, maana mita nyingi zinalia hata kwenye omu 30, na koili nzima ya CPU italia vilevile.

Ukiridhika, solda waya mnene kwenye R010, wa graundi kwenye tundu la skrubu. Waya mwembamba unakula volti zote njiani. Weka volti 1, kikomo ampia 3. Kwa omu 0.3 hizo ni karibu wati 3, zinatosha kuifanya kapasita ndogo iunguze kidole. Mwagia isopropili (spiriti ya kusafishia) ya 99% uangalie panapokauka kwanza. Geuza bodi, rudia. Isopropili inashika moto upesi, kwa hiyo pasi ya solda iwe mbali.

bodi_na_solda
Naongezea. Pasipokauka popote, usikimbilie kupandisha volti. Pandisha kikomo hadi ampia 5. Bado? Acha umeme upite, weka mita kwenye milivolti, upime miguu miwili ya kapasita moja baada ya nyingine. Yenye milivolti chache kuliko zote ndiyo iliyo kwenye shoti au jirani yake kabisa. Njia hii haihitaji kamera ya joto.

kiti_cha_fundi
Koili za ramu na GPU ziko mbali na laini kuu. Imekula ampia 2.8, na kapasita moja kando ya mosifeti za kuchaji imekauka papo hapo. Nimeing'oa, laini sasa inasoma kilo-omu 60. Naweza kuiacha hivi?

omu_sifuri
Kwa kujaribu tu, sawa, kwa kuwa zipo nyingine sambamba nayo. Usimrudishie mteja hivyo: kapasita ile inatuliza volti pale mosifeti zinapowasha na kuzima. Weka mikrofaradi 10, umbo lilelile, volti 25 au zaidi. Ya volti 16 haiwezi laini hiyo. Ukiitoa kwenye bodi chakavu, itoe kwenye laini ya 19 pia.

Kisha usichomeke chaja bado. Pawa saplai 19.5, kikomo ampia 1, bila betri. Ikikaa chini ya ampia 0.1 kabla hujabonyeza swichi, endelea. Ikigonga kikomo, zima upime upya.

Na kama umeme bado haupiti mosifeti ya pili, shoti si tatizo tena. Pima geti (mguu unaoiwasha mosifeti): kwa mosifeti za aina ya N, inatakiwa kuizidi sosi (mguu wake mwingine) kwa volti 5 hadi 6 hivi. Isipoizidi, fuatilia IC (chipu) ya kuchaji.