Dhahabu ya rehani imeshapigwa mnada: msuluhishi, baraza la walaji au mahakama?

Mwanamkufu
Wakuu, naomba ulinganisho. Niliweka rehani mkufu na bangili mbili, marejesho yakachelewa, mkopeshaji akapiga mnada. Nilichopata ni ujumbe mmoja wa simu, nao uliingia mali ikiwa imeshauzwa. Sasa naambiwa eti bado nadaiwa. Nimeambiwa kuna msuluhishi wa huduma za fedha, kuna baraza la walaji, na kuna kesi ya madai. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi?

Kalamu Nyekundu
Kwanza jua unadai nini. Mnada ungekuwa haujafanyika ningekwambia lipa ukagomboe, basi. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, kwa mfano, inamruhusu mweka rehani kugomboa hata tarehe ikiwa imepita, mradi mali haijauzwa. Ila atabeba na gharama za kuchelewa kwake. Yako imekwenda. Kumfuata aliyenunua kwa nia njema ni kazi ngumu, kwa hiyo elekeza nguvu kwenye fidia, na kwenye ziada kama bei ilizidi deni.

Sonara Mstaafu
Kabla ya hayo yote, soma stakabadhi yako. Inatakiwa ionyeshe uzito wa jumla, uzito baada ya kutoa mawe na nta, na karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu. Bangili zenye uwazi ndani hujazwa nta, na mkopeshaji halipii nta. Ugomvi mwingi nilioushuhudia ulianzia hapo. Mkufu wa gramu 20 wa karati 22 una dhahabu safi gramu 18.3 hivi. Andika karati 18 badala yake, zimebaki 15. Zaidi ya gramu tatu zimeyeyuka kwenye karatasi bila moto. Ufundi usiudai sana, mnadani mara nyingi wananunua madini.

Bi Mdogo
Mimi nilikwenda kwa msuluhishi, bure, bila wakili. Alichotaka kwanza ni barua niliyompelekea mkopeshaji, yenye muhuri wa kupokelewa. Nilikuwa nadai ziada tu na hesabu zilikuwa wazi, ikaisha. Ila yeye anasoma karatasi. Hahoji shahidi.

Kalamu Nyekundu
Ndipo baraza linapomzidi. Wao wakisema "tulituma notisi" na wewe ukisema hukuiona, anahitajika mtu wa kuwaambia waweke uthibitisho mezani. Kifungu cha 176 cha sheria ile ya India kinataka mweka rehani apewe notisi ya kuridhisha kabla ya kuuza. Uingereza, Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 imekwenda mbali zaidi: ukidai mali iliuzwa chini ya thamani ya soko, ni mshika rehani anayetakiwa kuthibitisha kwamba alijitahidi ipasavyo kupata bei halisi. Angalia sheria ya kwenu inamtwika nani mzigo huo. Kwangu mimi hilo linapita suala la ada.

Hesabu Kwanza
Mahakamani usikimbilie. Wakili atakula thamani ya bangili moja kabla shauri halijasikilizwa. Labda tofauti iwe kubwa, au kuna kughushi, au wao wenyewe wakushtaki kwa hilo deni wanalosema limebaki. Hapo weka madai kinzani, yaani nawe uwadai wao ndani ya kesi hiyo hiyo. Na usibishe hodi milango miwili kwa mpigo. Wasuluhishi wengi hulitupa lalamiko likishafika mahakamani.

Mwanamkufu
Nimetazama. Stakabadhi ina gramu 31, hesabu ya mnada ina 27. Tarehe ipo, mnunuzi hatajwi.

Sonara Mstaafu
Zilikuwa na mawe?

Mwanamkufu
Hata moja. Na bangili si za uwazi, ni nzito.

Sonara Mstaafu
Basi deni lao la kubaki tuliweke pembeni. Gramu nne hizo ndizo kesi yako.

Kalamu Nyekundu
Naam. Andika barua leo. Omba nakala ya notisi na uthibitisho wa kutumwa, tangazo la mnada, bei ya kianzio na walivyoipata, bei iliyouzwa, na kama mnunuzi ana uhusiano wowote nao. Deni la siku ya mnada walichanganue: riba mstari wake, faini mstari wake. Wakikaa kimya, nenda kwa msuluhishi. Wakijibu kwamba gramu nne zilikuwa nta, nenda baraza moja kwa moja, maana patahitajika mtu anayejua mizani wa kuwahoji.

Hesabu Kwanza
Na ulizia muda wa ukomo wa kila mlango, yaani siku ya mwisho ya kupeleka lalamiko, kabla hujaanza kungoja majibu yao.

Bi Mdogo
Pakiti ya dhahabu yako ilifungwa mbele yako siku ya kuweka rehani, ukasaini? Kama ndivyo, ongeza kwenye barua: karatasi ya siku ilipofunguliwa, na majina ya waliokuwepo.