Tupeane uzoefu: kupiga picha magari ya mashindano usiku kwa flashi

Wakuu, habari za jioni. Huku Dodoma tunaopenda kupiga picha magari ya mashindano tupo wachache, na ikifika usiku kila mtu anajifunza kivyake. Naanza mimi, nanyi mshushe ya kwenu.

Mara yangu ya kwanza nilisimama kando ya barabara ya vumbi upande wa Chamwino, flashi nimeichomeka juu ya kamera, nguvu yote. Gari likapita, nikabonyeza, nikaangalia kioo: weupe mtupu, kama mtu karusha unga wa uwele mbele ya lenzi. Lililofuata hivyo hivyo. Vumbi letu la kiangazi ni jepesi, linaelea muda mrefu. Mwanga nao hupungua mara nne kila umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo chembe iliyo nusu mita mbele yangu ilikuwa inaula mwanga wote, na gari lililo mita 15 likabaki na makombo. Usiku ule magari tisa yalipita, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Iliniuma sana.

Safari iliyofuata niliitoa flashi juu ya kamera, nikaifunga kwenye stendi hatua kama nane kushoto kwangu, inawaka kwa triga (kifaa cha kuiwasha kwa mbali), nguvu nikashusha hadi 1/16 ya nguvu yote. Mwanga ukaingia kwa ubavuni. Vumbi likabaki nyuma ya matairi linapotakiwa, na kokoto zinazorushwa ukazihesabu moja moja.

Kushusha nguvu kuna maana yake. Gari la kilomita 90 kwa saa linakwenda mita 25 kila sekunde. Ukiweka shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) 1/25 ya sekunde, limeshasogea mita nzima. Kinachogandisha gari hapo ni flashi, siyo shata. Flashi nyingi ndogo zikiwa 1/16 huwaka kwa kama 1/10,000 ya sekunde, na kwa muda huo gari limesogea milimita mbili na nusu tu. Mwanga uliopungua nafidia kwa kupandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 1600.

*Wa Kondoa:*
Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi kilichonitesa ni mistari ya taa. Gari limetulia vizuri, lakini mistari ya taa nyekundu za nyuma inalipita ubavuni kwenda mbele, utadhani dereva anarudi kinyumenyume. Kumbe flashi ilikuwa inapiga shata inapofunguka, halafu gari linaendelea kusogea na taa zinaendelea kuchora. Nilipoiweka ipige mwishoni, kabla shata haijafunga, mkia wa taa ukabaki nyuma. Ninayo picha moja ya hivyo, gari linapita chini ya mbuyu, mkia mwekundu unatokea gizani hadi kwenye bampa. Nimeisafisha, iko ukutani sebuleni kwa mama.

Ila mkono nilifundishia mchana, uwanjani, shemeji yangu anazunguka na bodaboda polepole namfuata na kamera. Wiki tatu.

*Msoma njia:*
Wadau, naomba mnisikilize, mimi nakaa kiti cha pembeni ya dereva, namsomea kona zilizoandikwa kwenye daftari. Usiku mmoja tumetoka kwenye mnyooko tunaingia kona ya kulia, mtu akapiga flashi kutoka mbele. Nilikuwa nimeinamia daftari, lakini dereva wangu ilimpata machoni. Akasema "sioni". Neno hilo tu. Nikawa namsomea kona kwa sauti, yeye anakunja kwa kunisikia, nikasikia tairi la kushoto limeacha barabara, majani yanapiga mlango. Tulisimama hatua mbili kutoka kwenye korongo. Mikono yake ilitetemeka hadi mwisho wa njia.

Subirini gari liwapite. Pigeni ubavuni au nyuma. Na kabla ya yote waulizeni waandaaji kama flashi inaruhusiwa.

*Wa Kibaigwa:*
Mkuu pole sana. Nilikuwa napiga kutoka mbele kwa nguvu ndogo nikiamini haina madhara. Naacha leo.

Nyongeza: gizani fokasi ya kamera inahangaika tu. Mchana naweka jiwe jeupe ukingoni mwa barabara, usiku namulika tochi, nalifokasi, nahamisha fokasi kwenda ya mkono na siigusi tena. Gari likifika kwenye jiwe, nabonyeza. Ukitumia flashi, kasi ya shata usipite 1/250 ya sekunde, kamera nyingi zitakupa utepe mweusi kwenye picha.

*Wa Kondoa:*
Jiwe unaliweka upande wako au wa pili?

*Wa Kibaigwa:*
Upande wa pili, dada, mita tatu ndani ya majani, matairi yasilifikie. Halafu nafokasi mbele yake kidogo, pale gari linapopita.

*Mwanzisha mada:*
Msoma njia, nimekuelewa. Stendi yangu ilikuwa inatazama kona. Jumamosi naihamishia ng'ambo ya pili, itazame magari yanakoelekea.