Tupeane uzoefu: Muziki wa fidla bila spika hata moja, uliupokeaje mara ya kwanza?

Mdau wa Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Nafungua uzi huu kwa sababu tangu Jumamosi nyumbani kwangu hakuna habari nyingine. Ilianza na bango kwenye mlango wa fundi wangu wa cherehani: "Muziki wa chemba, Raskazone, saa moja jioni." Mama watoto akalisoma, akacheka hadi akakaa chini. Huku kwetu chemba ni ile ya maji machafu uani. Nikamwambia hii ni chemba ya chumba, muziki uliotungwa upigwe sebuleni kwa watu wachache. Akajibu, "Basi twende tukavutwe chemba."

Tukaenda. Watu hawafiki sitini. Mbele viti vinne na stendi nne za karatasi, basi. Spika hakuna, maiki hakuna, hata waya wa kujikwaa hakuna. Mimi mtu wa maharusi ya Ngamiani nikajua mafundi mitambo wamechelewa. Kumbe ndivyo ulivyo: fidla mbili, viola (fidla iliyonenepa kidogo, sauti kama ya mtu aliyetoka kulia sasa hivi) na sello (fidla kubwa ya sauti nzito, mpigaji anaibana katikati ya magoti). Wakafungua na Haydn, mzee wa Austria aliyeacha kazi 68 za watu wanne namna hii. Na mapangaboi yakazimwa, maana yanapeperusha karatasi. Joto la Februari Tanga mnalijua wenyewe.

Dakika kumi za mwanzo nilikuwa natafuta ngoma iko wapi. Haipo. Baadaye nikawaangalia badala ya kuwasikiliza tu, nikaelewa. Huyu anatoa neno, yule analidaka, wa tatu analipindua, wa nne anaguna. Kama wazee barazani wanaogawa mirathi, kila mmoja kwa adabu na kila mmoja na lake moyoni. Sehemu ya kwanza ilipoisha nikapiga makofi, nikajikuta peke yangu ukumbi mzima. Watu husubiri sehemu zote nne ziishe. Mama watoto alinifinya paja, alama ninayo.

Baada ya mapumziko wakamleta mgeni wao, kijana wa Unguja, na besi la mbao lililomzidi kimo. Wakapiga kazi ya Dvořák, Mcheki, ya mwaka 1875, iliyoandikwa kwa watu hao hao wanne na besi. Hapo ndipo nilipopata muziki wangu. Sello alikuwa ameibeba nyumba kwa chini tangu mwanzo. Sasa kapata wa kumpokea mzigo, akapanda juu kuimba. Na lile besi, wakuu, unalisikia kwenye kiti ulichokalia kabla halijafika sikioni.

Yaliyofuata wengine mlikuwepo, simulieni. Na wa kwingine, nyie mlianzaje?

Bajaji ya Sahare

Mkuu, besi hilo nililibeba mimi. Napigiwa simu, "kuna abiria na mzigo mdogo". Nafika nakuta jeneza lenye shingo! Tukalilaza, halilali. Tukalisimamisha, paa linakataa. Mwisho likaingia kwa mshazari, kichwa kimetoka nje upande wa kulia, na mwenyewe hana pa kukaa. Akachukua bodaboda, akawa ananifuata nyuma akipiga kelele kila tuta: "Polepole kaka, polepole!" Dakika arobaini kwa njia ya dakika kumi. Nilibaki dirishani kusikiliza kwa kuwa ndiye wa kumrudisha. Ya kurudi nitasimulia, kwanza mhusika ajitokeze.

Mama Ufuta

Mhusika ni mimi, wanangu, msinizunguke.

Nimezaliwa Ngamiani, nimekuzwa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, Bi Shakila nimemwona akiimba kwa macho yangu haya. Mtu akikugusa roho unamtunza. Kumkodolea tu kimya kama uko msibani, wakati anakukuna hivyo, kwetu huo ni uchoyo.

Ile sehemu ya tatu, ya polepole, ilinikumbusha watu nisiotaka kuwataja hapa. Machozi yakaja. Nikafungua fundo la kanga, nikatoa elfu kumi, nikaondoka na mwendo wetu ule, mkono juu. Nafika mbele, kijana mikono yote ina kazi! Wa kushoto umebana nyuzi, wa kulia una upinde. Kumbandika kipajini nikaona aibu, na kwa jasho lile isingekaa. Kutazama, pale kifuani mwa besi pana matundu mawili marefu, yamepinda vizuri. Nikasema ahaa, kumbe wamemwekea kibubu. Nikatumbukiza, nikapiga kigelegele, nikarudi kukaa.

Kijana aliinamisha kichwa akatabasamu, hakuacha kupiga. Mtoto wa taarabu yule, anajua. Wageni wanne ndio macho yaliwatoka.

Jirani wa Bombo

Mimi nililala, sitaki uongo. Kigelegele ndicho kilichoniamsha.

Mdau wa Chumbageni

Mkuu na ulikuwa unakoroma nyuma yangu. Nilidhani sello la pili.

Kaole Boy

Niko Bagamoyo. Mimi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ukumbi wa bati, mwezi wa nne. Mwasifia kukosekana kwa spika hadi mvua ishuke! Tuliwaona mikono inakwenda, sauti hakuna. Wakaweka vyombo chini, tukakaa kama dakika ishirini tunatazamana. Mvua ilipokata wakarudia tangu mwanzo, na sijawahi kuona watu wametulia vile.

Nyuzi Nne

Shikamoo Mama Ufuta. Napiga fidla kikundi cha taarabu, nilikuwa kiti cha mbele.

Kwanza niseme kilichonitisha. Kwetu fidla zote zinakwenda pamoja kwenye sauti moja. Nikikosea, mwenzangu ananifunika. Wale kila mmoja na njia yake peke yake, ukiteleza mji mzima umesikia. Na kwa unyevu wetu huu wa pwani! Mbao zinavimba, singa za mkia wa farasi kwenye upinde zinalegea, sauti inakimbia. Ndiyo maana kila sehemu ikiisha walikuwa wanakaza nyuzi, hawakuwa wanapoteza muda kama alivyonong'ona mtu mmoja nyuma.

Yule wa besi nilimwonea fahari. Besi la taarabu mara nyingi linadonolewa kwa kidole. Pale karibu muda wote ni upinde, na nyuzi zile ni nene, zinataka bega zima.

Sasa elfu kumi ya mama. Mlisikia ile krrr kwenye sehemu ya mwisho, kila akishuka chini kabisa? Besi ndani ni tupu, sauti inazalishwa na mbao kutetemeka. Noti imelala ndani, noti inatetemeka nayo. Sauti za juu ilinyamaza, za chini ikaitikia. Mwenye fidla ya kwanza alikuwa anageuka kutafuta nyuki.

Mama Ufuta

Yarabi! Mbona hamkuniambia?

Bajaji ya Sahare

Haya, ya kurudi. Saa tano usiku, nje ya ukumbi, taa ya bajaji imewashwa. Watu watano na mimi tumelipindua besi kichwa chini, tunalitikisa kama mti wa embe. Fidla ya pili, dada mmoja mpole, kaingiza waya wa hanga kwenye tundu huku mwenye besi kafumba macho. Ikatoka vumbi, ikatoka kalamu ya risasi ambayo kijana anasema ameitafuta miaka miwili. Noti tunaiona kwa tochi, imejibana kwenye kipande cha mti ndani, haiji.

Alfajiri nikampeleka stendi ya Kange, tukabishana na kondakta kuhusu buti. Elfu kumi imevuka kwenda Unguja ikiwa humo humo.

Mama Ufuta

Mwambie ikitoka asiirudishe.

Bajaji ya Sahare

Nilimwambia, mama. Na nauli yangu akanilipa elfu nane, akasema mbili ziko kwenye besi.