Naomba ushauri: Chardonnay ya pipa kutoka Hemel-en-Aarde

Wakuu, heshima kwenu. Wanywaji wa mvinyo mweupe naombeni msaada. Nataka kununua Chardonnay (mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo) iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni, na nimevutiwa na bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na Hermanus, Afrika Kusini. Pale upepo wa bahari hupooza mashamba, zabibu zinaiva polepole na uchachu wake unabaki. Hicho ndicho nakitafuta: ladha ya limau na tufaha bichi, siyo ule mvinyo mzito unaonukia vanila mpaka unajiuliza kama unakunywa zabibu au mbao.

Kinachonisumbua zaidi ni ile harufu ya siagi. Ninavyoelewa haitoki kwenye pipa. Inaletwa na bakteria wanaogeuza asidi kali ya maliki kuwa asidi laini ya laktiki. Pipa jipya ndilo linaloleta vanila na kamoshi kidogo, lililotumika sana halitoi ladha kubwa. Sasa nitajuaje, kabla ya kununua, mtengenezaji ametumia mapipa mapya kiasi gani na kama aliwazuia hao bakteria? Maandishi ya nyuma ya chupa mengi ni mbwembwe tu.

Halafu, niifungue mapema au niiache miaka mitatu minne? Nyuzi joto 10 hadi 13 zinatosha? Nahisi ikiwa baridi zaidi ya hapo harufu inajificha.

Mliowahi kuzilinganisha na Chardonnay za Burgundy, kule Ufaransa, karibuni sana, na mnitajie chupa za kuanzia.